Mkutanoni, nani atamtaja mjane?



Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, kuna kesi ambayo wengi tunaipita haraka kwa sababu tunakimbilia habari za Stefano shahidi. Kanisa ndiyo kwanza limezaliwa pale Yerusalemu, na tayari kuna manung'uniko kuhusu chakula. Waumini wanaosema Kiyunani wanalalamika kwamba katika mgao wa kila siku wajane wao wanasahauliwa. Sikiliza malalamiko yao vizuri. Hawasemi kwamba chakula hakipo. Chakula kipo, mgao upo, na wagawaji wapo. Wajane wa upande huu wanapata, wajane wa upande ule hawaonekani.

Nimeirudia kesi hiyo kwa sababu ya bibi mmoja wa kigango chetu cha mbali. Sitamtaja jina, wala sitataja kijiji. Amevuka miaka sabini na analea wajukuu watatu, wote wako shule ya msingi. Mama yao alifariki, baba yao hajulikani aliko. Anaishi kwa kuuza matembele na kwa vibarua vya kupalilia, pale mgongo unapomruhusu. Miaka kadhaa iliyopita mvua ilikiangusha kibanda chake. WAWATA wakachanga, vijana wakafyatua tofali, tukamjengea vyumba viwili, tukaezeka bati na kumwaga saruji chini. Mimi mwenyewe niliibariki ile nyumba, na tulipiga picha.

Baadaye wakaja wawezeshaji wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule ambao wengi tunauita TASAF tu. Wakaingia na dodoso lao, wakamkuta bibi amekaa ndani ya nyumba ya bati. Wakaandika bati. Wakaandika sakafu ya saruji. Orodha iliporudi, jina lake halikuwemo.

Alinisubiri mlangoni baada ya Misa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Padre, nikiyaezua yale mabati wataniandika?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na ndiyo maana leo naomba tuzungumze kuhusu orodha. Najua baadhi yenu mtasema hiyo ni kazi ya mtendaji wa kijiji, padre abaki na Injili. Lakini Mitume hawakusema hivyo. Walisema wao wabaki na sala na Neno, kisha wakahakikisha kwamba kazi ya meza imepata watu saba wenye sifa njema, waliochaguliwa na mkutano mzima. Tena majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani. Upande uliokuwa unalalamika ndio ulioonekana katika majina ya wale waliokabidhiwa mgao. Hayo yalikuwa maamuzi makubwa kuliko tunavyoyahubiri.

Sasa tuje nyumbani. TASAF ilianza mwaka 2000, na miaka ile ya mwanzo tuliijua zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Mwaka 2012 ndipo ulipoanza mpango wa kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha mkononi. Awamu ya kwanza ya mpango huo ilifika takribani asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ikalenga kufika kote. Shabaha ya kwanza ya fedha hizo ni chakula. Mtoto ale, aende kliniki, aende shule. Kwa kawaida fedha hutolewa kila baada ya miezi miwili, na mara nyingi anayezipokea ni mama wa kaya.

Si fedha nyingi, na hili nataka walionacho walisikie. Katika viwango vya mwanzo, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya. Kaya yenye watoto iliongezewa 4,000, na kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo alileta 2,000 zaidi. Ukijumlisha yote, kaya haikuweza kuvuka 38,000 kwa mwezi. Viwango vilipandishwa baadaye, lakini chukua hivyo vya mwanzo umpigie hesabu bibi yetu na wajukuu wake watatu. Angepata 20,000 kwa mwezi. Haifiki shilingi 700 kwa siku kwa watu wanne. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikadiria kwamba mtu mzima mmoja alihitaji shilingi 33,748 kwa mwezi ili apate chakula cha kumtosha, na chakula peke yake. Utafiti huo ulikuta asilimia 8 ya Watanzania wako chini ya kiwango hicho. Yaani katika kanisa lenye waumini mia mbili, ukichukua wastani wa nchi, kumi na sita wamekuja Misa na hawajui jioni watakula nini. Hesabu mabenchi ya parokia yako.

Je, mtu anaingiaje kwenye orodha? Hapa ndipo ninapoona tunapoteana. Watu wengi wanadhani kuna fomu ya kuomba ofisini, kama unavyoomba mkopo. Sivyo. Jamii yenyewe inaitwa mkutanoni, inakubaliana ni kaya ya namna gani inayohesabika kuwa maskini sana mahali pale, kisha watu wanataja majina. Baada ya hapo waliotajwa hutembelewa nyumbani na kuulizwa maswali: wako wangapi, wangapi wanaweza kufanya kazi, paa ni la nini, maji wanachota wapi, wanapikia nini, wana mifugo gani. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, yanapewa uzito, na kaya inapimwa kama iko juu au chini ya mstari. Kisha orodha inarudi mkutanoni isomwe mbele ya watu, waseme huyu ni kweli na huyu mmekosea. Wanaopita hapo ndio wanaoandikishwa.

Ukiitazama karatasini, ni njia nzuri. Inaanza kwa watu wanaojuana na inamalizia kwa watu wanaojuana, kipimo cha kompyuta kikiwa katikati ili kuzuia upendeleo. Mafundisho ya Kanisa yanatuambia kwamba kinachoweza kufanywa na jamii ya chini kisinyakuliwe na mamlaka ya juu. Papa Pio XI aliliandika hilo mwaka 1931. Mpango huu kwa sehemu umeisikia kanuni hiyo, hata kama waliouandika hawakumsoma Papa.

Lakini njia hiyo inategemea jambo moja: kwamba mtu wa kutajwa ana mtu wa kumtaja. Nani anakwenda kwenye mkutano wa kijiji? Mwenye miguu. Mwenye saa mbili za kukaa chini ya mwembe bila kupoteza kibarua cha siku. Mwenye nguo anayoona haimtii aibu. Mzee asiyeona vizuri haendi. Mama mwenye mtoto mwenye ulemavu anayelazimika kumfungia ndani akitoka haendi. Mwenye njaa kweli siku hiyo yuko shambani kwa mtu. Na asiyekuwepo akakosa wa kumtaja, dodoso halifiki mlangoni kwake kamwe. Kompyuta haiwezi kumpima mtu ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Utasema, sisi tuna jumuiya ndogo ndogo, tunajuana nyumba kwa nyumba. Hapo naomba tuwe wakweli. Katika ziara zangu nimegundua kwamba wengi waliokosekana kwenye mkutano wa kijiji ndio haohao walioacha kuja jumuiya. Kwa nini waliacha? Michango. Mchango wa sherehe ya somo wa jumuiya, mchango wa ujenzi, mchango wa kumpokea mgeni. Mtu akishindwa mara tatu, mara ya nne anajificha jikoni anaposikia nyimbo zinakaribia. Tunabaki tunajuana sisi tunaochanga. Halafu siku ya mkutano wa kijiji tunasimama kama Wakristo tunaowafahamu jirani zao, na majina tunayoyajua ni ya wenye nafuu.

Upande wa pili wa orodha kuna dhambi nyingine, na hii ni ya wazi zaidi. Wakati wa uzinduzi ule wa 2020 taifa lilielezwa kwamba makumi ya maelfu ya kaya zilikuwa zimeondolewa baada ya uhakiki. Baadhi wahusika walikuwa wamefariki. Baadhi walikuwa wamehama. Lakini zilikuwemo kaya zisizo maskini, na kaya za viongozi. Wale hawakuingia kwenye orodha kwa bahati mbaya. Kuna mtu aliwataja, na kuna mkutano mzima ulionyamaza. Nimewahi kuketi na mwanamume mmoja, si wa parokia yangu ya sasa, aliyeniambia bila haya kwamba alihamishia ng'ombe kwa shemeji yake siku ya dodoso. Aliliona jambo hilo kama ujanja wa kawaida, kwa kuwa ni fedha za serikali, si za mtu. Nilimwuliza nafasi ile ingekuwa ya nani kama asingekuwa yeye. Alinyamaza, kisha akamtaja mtu kwa jina. Alimjua.

Serikali haina mfuko usio na mwisho. Ukikalia nafasi ya mtu mwenye njaa umemwibia yeye, hata kama risiti inaonyesha hazina ya taifa.

Kuna hoja mbili ambazo nasikia kila mara baada ya Misa, tena kutoka kwa watu wema. Ya kwanza ni ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kwamba asiyefanya kazi na asile. Rudi ukaisome polepole. Paulo anasema juu ya asiyetaka kufanya kazi. Hasemi asiyeweza. Bibi yangu wa matembele anaamka saa kumi na moja. Na mpango wenyewe haujawaacha wenye nguvu wakae tu: ndani yake kuna kazi za ajira ya muda, kuchimba malambo, kutengeneza barabara, kupanda miti, ambazo katika awamu ya kwanza zililipa shilingi 2,300 kwa siku, hadi siku 60 kwa mwaka. Hata ruzuku nyingine ina masharti. Mtoto wa shule anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mchanga apelekwe kliniki, vinginevyo kaya inakatwa. Ni familia ngapi za wenye nafuu zingefaulu mtihani huo?

Hoja ya pili ni kwamba fedha hizo zinaishia kilabuni. Wako wanaofanya hivyo, kama walivyo wanaofanya hivyo na mshahara. Lakini jambo hili lilichunguzwa. Kabla mpango haujaenea nchi nzima ulijaribiwa katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, malipo yakianza mwaka 2010, na watafiti wakazifuatilia kaya zilizopata na zisizopata. Walikuta kaya zilizopata zimewanunulia watoto viatu, zimeongeza mifugo midogo, na zimejiunga zaidi na bima ya afya ya jamii. Viatu na kuku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mara nyingi anamdhania mabaya.

Wengine wananiuliza, kwani serikali haina mahindi? Inayo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula upo tangu 2008, na miaka ya bei kupanda umepeleka mahindi wilayani yakauzwa kwa bei nafuu. Ni jambo jema, na linamkumbusha msomaji wa Biblia maghala ya Yosefu kule Misri. Ila soma pia sura ya 47 ya Mwanzo, ambayo hatuisomi sana kanisani. Fedha za watu zilipokwisha waliyalipia mahindi ya Yosefu kwa mifugo, kisha kwa mashamba, kisha kwa nafsi zao wenyewe. Bei nafuu inamsaidia aliye na kitu mfukoni. Asiye na shilingi anaupita mlango wa ghala kama anavyoupita mlango wa duka.

Nirudi kwenye suala la kustahili, kwa sababu kuna Wakristo wanaoona vibaya maskini kupimwa na kuwekewa vigezo. Wanasema Yesu aliwalisha elfu tano bila dodoso. Ni kweli. Lakini Kanisa lilipoanza kulisha watu kila siku, mwaka baada ya mwaka, liliandika orodha. Soma Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya tano. Mjane wa kuandikwa awe na umri usiopungua miaka 60. Awe ameishi na mume mmoja, na ajulikane kwa matendo mema. Kama ana watoto au wajukuu wenye uwezo, hao wamtunze kwanza, ili Kanisa lisilemewe na liweze kuwatunza wale ambao ni wajane kweli. Hivyo ni vigezo vya kustahili, ndugu zangu, tena vikali kuliko vya TASAF! Na kwa njia hiyo, katikati ya karne ya tatu, Papa Kornelio aliweza kuandika kwamba Kanisa la Roma linawatunza wajane na wenye shida zaidi ya 1,500. Bila orodha usingeweza kulisha watu 1,500 chini ya dola iliyokuwa inawatesa Wakristo.

Kwa hiyo sina ugomvi na vigezo. Ugomvi wangu ni pale kigezo kinapoona bati kisimwone aliyekaa chini yake. Paa la bibi lilikuwa sadaka. Halikusema kitu juu ya mapato yake, lilisema juu ya ukarimu wa majirani zake. Mashine haina namna ya kulijua hilo. Ndiyo sababu orodha inarudishwa mkutanoni, ili mtu asimame aseme: nyumba ile tulimjengea sisi, yeye hana kitu.

Hakuna aliyesimama. Siku ya uhakiki WAWATA walikuwa na semina parokiani. Niliipanga mimi. Tangazo la mkutano wa kijiji lilikuwa limeletwa kwa katekista wiki moja kabla, likasomwa mwishoni mwa matangazo, baada ya harambee, wakati watu wameshaanza kuchukua mikoba. Mimi sikulitilia maanani hata kidogo. Nililiona kama tangazo la serikali.

Kwa yule ambaye ana bibi wa namna hiyo mtaani kwake, niseme yale ninayoyajua sasa. Kutokuwepo kwenye orodha si mwisho. Ngazi ya kijiji au mtaa kuna kamati ya jamii inayosimamia mpango, na malalamiko yanaanzia hapo na kwa mtendaji. Yasiposikilizwa, halmashauri ina mratibu wake. Malalamiko ya mdomo yanapotea, yaandikwe na nakala ibaki. Pia msaidieni mapema kupata kitambulisho cha taifa. Malipo mengine siku hizi yanapita kwenye simu au benki, laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na vidole vya mtu aliyelima miaka hamsini mara nyingine mashine haivisomi. Wazee wanaishia kutumia laini ya mjukuu au ya jirani, na hapo fedha inaanza kupungua njiani. Kama ni wewe unayemshikia bibi simu, unajua ninasema nini.

Sisi tumeandika barua. Imepelekwa kwa mtendaji Jumatano iliyopita, na nakala kwa mratibu wa halmashauri. Inaeleza nani alinunua mabati, mwaka gani, na nani alifyatua tofali. Ina dole gumba la bibi, sahihi ya katekista na ya mwenyekiti wa jumuiya, na majina ya akina mama kumi na wanne waliochanga. Nilitaka kuweka na sahihi yangu pamoja na mhuri wa parokia. Katekista akanizuia kwa upole. "Baba," akasema, "wewe siyo mkazi wa kijiji hiki. Mkutanoni tutasimama sisi."